Kila Nyumba Ilete Mtu

Nilitia saini daftari la mahudhurio lenye uongo kuanzia Juni mpaka Agosti, nikijua ninachotia saini, na barua ya onyo niliyopewa kwa kosa hilo ipo kwenye faili langu mpaka leo. Nasema mapema ili asitokee mtu katikati ya habari akaniambia "kumbe". Hakuna kumbe hapa. Ninachotaka kueleza ni kwamba uongo ule haukuwa wa kijinga, na kwamba waliokuja kuusahihisha walisahihisha daftari wakawaacha watoto.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nimezaliwa ziwani, upande wa Lipingo, kwenye nyumba inayonuka usipa, dagaa wa kwetu, mwaka mzima, kisha ajira ikanipandisha huku milimani Mbinga nikiwa msichana sina hata sweta. Wamatengo wamenicheka tangu siku hiyo. Wananiambia sisi wa ziwani tunavuna tusichopanda. Nami nawaambia wao ndio watu pekee niliowaona wakichimba shamba zima mashimo halafu wanapanda pembeni ya shimo. Tumezoeana. Shule yangu ipo upande wa kuelekea Ukata, na nimefundisha watoto, nikafundisha wadogo zao, na sasa nafundisha watoto wa niliowafundisha.

Mwaka ule ulikuja mradi wa kuwasaidia wanafunzi wa Kidato cha Nne waliokuwa wanaelekea kufeli. Kila Jumamosi, asubuhi mpaka saa tisa, hesabu na Kiingereza, na makande mchana. Mimi nikakabidhiwa hesabu pamoja na uratibu wote. Vitabu vilikuja, karatasi za mazoezi zilikuja, na daftari la mahudhurio likaja, jipya, jalada gumu, na sharti limechapwa ukurasa wa kwanza: mwanafunzi atakayekosa mara tatu anaondolewa. Sharti lile alilitunga mtu ambaye hajawahi kuchuma kahawa.

Kwa sababu huku kahawa ikishakuwa nyekundu haimsubiri mtu. Inachumwa leo, inamenywa leo, ikilala bila kumenywa imeharibika. Siku tano mtoto yuko shuleni. Jumapili ni ya misa, na mradi haufanyi kazi. Inabaki siku gani ya kuchuma? Hiyo hiyo Jumamosi. Mei darasa lilijaa; Jumamosi ya kwanza ya Juni nilifundisha viti, watoto tisa na viti. Niliporudi nyumbani sikula, nilikuwa nimefura, na wiki iliyofuata nikaitisha kikao cha wazazi.

Niliwaambia bila kupepesa: "Mnawauza watoto wenu kwa kahawa." Walinisikiliza kwa adabu, jambo lililoniudhi zaidi. Kisha upande wa wanawake akasimama mama mmoja, mjane, bega lake la kushoto limeshuka tangu alipoanguka mteremkoni na mzigo wa kuni. Binti yake nilikuwa namfahamu vizuri. Alikuwa na akili nzuri ya hesabu ambayo hakuna aliyewahi kuihangaikia, na alitaka kusomea uuguzi. Nilikuwa nimeshamwambia kwamba akitoka na F ya hesabu atahangaika sana na vyuo, na kwamba Jumamosi hizi ndizo alizonazo.

"Mwalimu, umesema, nasi tumesikia," mama yule alisema. "Sasa nisikilize na mimi. Mashine ya kumenya kahawa siiwezi, bega linakataa. Binti yangu anaiweza, na nyumbani tupo wawili tu. Lakini kukaa nikanakili, naweza. Kwenye ngokela, tukiitana kulima shamba la mwenzetu, mimi nikiumwa anakwenda mwanangu, na hakuna anayesema sikufika. Nyumba imekuja. Kwa nini huku isiwe hivyo hivyo? Mtoto akiweza aje mwenyewe. Asipoweza, kila nyumba ilete mtu, anakili kila kitu cha ubaoni, apeleke."

Watu wakaitikia kwa sauti moja. Nikawaambia mradi unamtaka mtoto mwenyewe, jina lake, makalio yake juu ya kiti. Baba mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Wanamtaka afaulu, au wanamtaka akae?" Nikakubali.

Tangu hapo kiranja aliita majina asubuhi, na mtoto asipokuwepo mtu wa nyumbani kwake alijibu, "Tumekuja," na kiranja akatia tiki. Kila Jumamosi nilisaini chini ya ukurasa. Safu ile ilikuwa imeandikwa "mwanafunzi", wala haikuandikwa "nyumba", na macho yangu ni mazima. Ila niliona kwamba somo linafika, na mimi nililipwa ili somo lifike. Ningefanya nini, niwafute watoto ishirini kwa kosa la kuwa na mama?

Jumamosi ya kwanza ya mtindo ule darasa lilikuwa kichekesho. Palikuwa na babu mmoja, katekista mstaafu, amevaa koti. Palikuwa na kaka mtu aliyeacha shule zamani, amekaa nyuma kabisa kana kwamba bado anaogopa kuulizwa. Na mbele, dawati la kwanza, yule mama mjane, kalamu ameishika kama anavyoshika sindano, vidole vina weusi wa utomvu wa kahawa ambao hautoki kwa sabuni. Hakuwa amemaliza darasa la tatu. Alikuwa anachora. Namba alizichora, mabano aliyachora, na alipomaliza hesabu akachora na orodha ya zamu ya kufagia iliyokuwa pembeni ya ubao, kwa sababu aliambiwa kila kitu. Watoto wawili wakacheka. Nikawaambia, "Anayecheka alete daftari lake hapa tulilinganishe na la mama." Hawakuleta.

Na mimi mwenyewe ikabidi nibadilike, nasema ukweli. Zamani niliruka hatua ubaoni, nikasema "hapo mnaelewa", nikasonga. Sasa nilijua kwamba ninachokiandika kitabebwa mlimani, kisomwe kibarazani na mtoto ambaye hana wa kumuuliza. Nikaandika kila hatua. Nikaandika na sababu ya kila hatua kwa Kiswahili, ingawa mtihani ni wa Kiingereza. Mkono uliniuma mpaka bega. Katika miaka yangu yote ya ualimu sikuwahi kufundisha vizuri kama vile, na walionifundisha ni wale waliokuja badala ya watoto.

Mwezi wa saba, katikati ya ule ukungu wa Mbinga unaoingia mpaka kwenye mkoba, mama yule alifika mapema, akafungua daftari akaweka kidole. "Kaniambia nikuonyeshe hapa." Pembeni, kwa mwandiko mdogo wa penseli, binti alikuwa ameandika: "Madam, mstari wa tatu alama ya kutoa imepotea." Nikatazama. Weee! Ilikuwa imepotea kweli. Nilikosea mimi ubaoni, mama akanakili kosa langu kwa uaminifu wote, na mtoto, baada ya kutwa nzima ya kuzungusha mashine, akaliona. Nilipiga kelele mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Nilifurahi kuliko siku niliyopata cheti changu. Mama akaniuliza kama amefanya vibaya. Nikamwambia, "Mama, umefanya vizuri, aliyevurunda ni mimi."

Agosti matokeo ya mtihani wa utamilifu, ule wa majaribio kabla ya wa taifa, yakatoka, na nyuma yake akaja mtathmini wa mradi. Alikuwa binti kutoka Dar es Salaam, mpole, kashika kishikwambi, na alinipa shikamoo kabla hata ya kuweka mkoba chini. Sina neno baya juu yake. Alizunguka siku tatu, akawauliza watoto, akawauliza walimu, akalipiga picha daftari langu ukurasa kwa ukurasa. Ijumaa asubuhi akatuita ofisini, mimi na mkuu wa shule, akatuonyesha michoro yake. Mstari mmoja ulikuwa juu kabisa, umenyooka. Ni mahudhurio. Mwingine ulikuwa chini, unajikokota. Ni alama za hesabu.

"Mwalimu, nisamehe nikisema wazi," akaniambia. "Kwa mahudhurio, ninyi ndio wa kwanza katika shule zote za mradi. Lakini alama zenu hazijatofautiana na shule ambayo haina mradi kabisa. Watoto wanakuja karibu wote, kila wiki, na hawapandi. Maana yake ni kwamba kinachofundishwa hakiwasaidii. Itabidi nipendekeze darasa lifungwe mwisho wa mwezi huu."

Mwisho wa mwezi! Mtihani wa taifa ni Novemba. Wiki zile za mwisho ndizo mtoto anashika kitu. Nikamwona akilini binti wa yule mama, na alama yake ya kutoa, anaambiwa rudi nyumbani. Halafu nikaumia na kwa upande wangu, sitajifanya malaika: "kinachofundishwa" ni mimi. Mtu ananiambia mimi, na bega hili, kwamba sifundishi. Moto ukaniwaka kuanzia miguuni. Nikafungua mdomo, na mkuu wa shule akanikanyaga chini ya meza.

Alinivuta nje mpaka kwenye mlingoti wa bendera. Aliijua siri yote. Alikuwepo kwenye kikao. "Madam, tulia," akasema. "Mahudhurio yetu ni ya kwanza. Mradi ukifungwa tunafungiwa kwa heshima, na mradi mwingine utakuja. Ukifungua mdomo, daftari lina saini yako, halina yangu."

"Na watoto?"

"Watoto wapo kila mwaka."

Nilimtazama mtu yule niliyekunywa naye chai miaka sita, na nikamchukia kwa muda kama wa dakika tano hivi. Kisha nikarudi ofisini mwenyewe, nikamwambia yule mtathmini: "Mwanangu, umepewa daftari lisilo lenyewe. Usiondoke kesho. Kesho Jumamosi nitakuonyesha la kweli."

Mchana ule niliwatuma wanafunzi wapeleke habari kila nyumba: kesho lije daftari la hesabu, hata kama mtoto haji. Na yakaja. Tuliyapanga juu ya madawati, yamefunguliwa, mengine yana madoa ya kahawa, moja limechomwa pembe na moto wa jikoni. Nikamwambia mtathmini asisome hesabu, atazame mwandiko. Alitazama daftari la kwanza akafunua, akafunua, akarudi nyuma. Ukurasa wa Mei ulikuwa na mwandiko wa mtoto. Ukurasa wa Juni ulikuwa na mwandiko wa mtu mzima, wenye mikia mirefu, wa kuandikia barua za parokia. "Huyu ni nani?" akauliza. Nikamwambia huyo ni babu yake, katekista mstaafu. Akafungua la pili, herufi kubwa tupu, kaka mtu. Akafungua la tatu, la mchoro, lenye zamu ya kufagia ndani ya hesabu. Hapo akakaa chini.

Nilimweleza yote, kikao, ngokela, "Tumekuja", na saini yangu. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza kama najua kwamba nimeharibu takwimu za mradi mzima. Nikamwambia najua, na kwamba takwimu zake ziko hapa mbele yake, zimeandikwa kwa kalamu, anazitaka au hazitaki? Akafunga kishikwambi akavua viatu, tukaanza kazi.

Tulihesabu kurasa mpaka saa kumi. Kwa kila Jumamosi tuliandika kama mtoto alikuja mwenyewe, au nyumba ilileta mtu, au hakuja yeyote. Kisha tukaweka alama za mtihani pembeni. Waliokuja wenyewe mara nyingi walikuwa wamepanda, na hilo lilionekana bila mchoro. Wale ambao hawakuletewa kitu walikuwa walipokuwa. Walioletewa na nyumba walikuwa mchanganyiko: wengine wamepanda, wengine ukurasa umelala kama ulivyoletwa, hakuna aliyeugusa. Sikuficha hilo. Nilitamani wote wawe wamepanda nimkomeshe kila mtu, lakini haikuwa hivyo.

Na kisha akaninasa mimi. "Mwalimu, hizi Jumamosi mbili za Julai hazipo kwenye daftari la mtu yeyote. Lakini kwenye mahudhurio zina tiki, na saini yako."

Jumamosi hizo nilikuwa ziwani kwa msiba wa mama mkubwa. Nilimwachia kiranja daftari la mahudhurio na karatasi za mazoezi, wakatia tiki, wakala makande, wakatawanyika, na niliporudi nikasaini. Yule mama mjane alikuwa amekuja kufuata daftari la binti yake, amesimama mlangoni, na alisikia. Akauliza, bila ubaya wowote, "Kwani mwalimu, nyumba yako ilimleta nani?"

Basi. Nimegombana na wakuu wa shule, na maafisa, na padri mmoja, na hakuna aliyewahi kuniweka chini kama swali lile. Nyumba yangu haikuleta mtu. Utaratibu niliowakubalia wao sikuufuata mimi. Nilimwambia mama, mbele ya mgeni, kwamba hapo nimekosa na ninaona aibu. Akasema, "Pole na msiba," akachukua daftari lake.

Jumatatu akaja msimamizi wa mradi kwa gari, bwana mmoja mnene wa sauti ya kwenye kipaza sauti. Akakaa meza kuu, mkuu wa shule pembeni yake kimya kama maji mtungini. Nilikuwa nimeomba mama mjane awepo kwa sababu ndiye aliyekuwa mjumbe wa wazazi wa Kidato cha Nne. Mtathmini akaeleza alichokiona. Msimamizi akasikiliza nusu, akanigeukia.

"Huu ni udanganyifu."

"Saini ni yangu," nikasema. "Andika ni udanganyifu, niandikie na barua. Lakini usifunge darasa kwa sababu ya mchoro ambao sasa unajua kwamba si wa kweli. Ukilifunga leo, unamdanganya nani wewe?"

Alikuwa hajazoea kujibiwa. Akalivuta daftari moja kutoka kwenye rundo, akalifungua, akacheka puani. Lilikuwa lile la michoro, ambalo mama alilirudisha asubuhi ile. "Hiki ndicho mnachokiita somo? Nani kaandika hii?"

"Ni mimi, mzee," mama akasema, akasimama.

Msimamizi akamsogezea daftari mezani. "Haya, tusomee ulichoandika."

Nilitaka kuruka meza ile. Unamwambiaje mtu mzima, mbele ya mwalimu wa mtoto wake, jambo la namna hiyo? Mama aliutazama ule ukurasa wake. Hakuinamisha kichwa wala hakuharakisha.

"Siwezi kusoma," akasema. "Sikuandika ili nisome mimi."

Nje kengele ya mapumziko ikapigwa, watoto wakatoka kwa fujo. Msimamizi akalifunga daftari taratibu, akalisogeza upande wa mama. Mtathmini ndiye aliyezungumza kwanza, binti wa watu. Alisema hawezi kuandika kwamba darasa halisaidii. Ataandika kwamba waliofika wamesaidika, kwamba waliokosa walikuwa kwenye kahawa, na kwamba sharti la mara tatu limewekwa bila kuuliza kalenda ya wanaolitekeleza. Msimamizi akasema aandike anavyoona. Darasa likaachwa mpaka mtihani.

Mimi nikaondolewa kwenye darasa hilo. Barua ilikuja baada ya wiki: onyo, na uratibu wa Jumamosi akapewa mwalimu kijana wa fizikia. Nilitia saini kwamba nimeipokea. Mkuu wa shule alinipa kalamu, akaniambia pole, nikamwambia pole abaki nayo, ataihitaji.

Kuanzia Jumamosi iliyofuata mtoto alitakiwa aje mwenyewe. Kwa yule mama majirani walishikana, nyumba kwa nyumba, wakapokezana mashine yake mpaka kahawa ikaisha, na binti akakaa darasani wiki zote zilizobaki. Matokeo yalipotoka niliyafungua kwenye simu nikiwa sokoni Mbinga mjini, nimeshika mafungu ya nyanya. Hesabu, C. Nililia palepale, machozi kabisa, mwenye nyanya akadhani nimefiwa. Siku hizi anasomea uuguzi, na anaponipigia hunipa shikamoo kisha ananiuliza kama bado nasahau alama ya kutoa.

Ningeishia hapo ningekuwa mwongo mara ya pili. Kwa sababu mwaka uliofuata mradi ulirudi, na ulirudi umejifunza. Lakini ulijifunza nini? Sharti la mara tatu lilikuwa palepale, ila sasa lina mistari miwili chini yake, na pameongezwa: mwanafunzi mwenyewe tu. Yale aliyoandika yule mtathmini kuhusu kahawa sijui yaliishia kwenye meza ya nani. Mwalimu kijana ni mwaminifu, hana kosa. Mei alijaza daftari vizuri. Juni kahawa ikaiva.

Nilipita dirishani Jumamosi moja nikahesabu viti. Vilikuwa vitupu zaidi ya nusu. Daftari lilikuwa safi, kila pengo limewekwa alama yake nyekundu, na majina yalikuwa yanakatwa moja baada ya jingine kwa rula. Msimamizi alipokuja akalisifu mbele ya walimu wote, akasema hizi sasa ndizo takwimu za kuaminika. Na zilikuwa za kuaminika kweli. Zilieleza ukweli mtupu kwamba watoto hawafundishwi. Nilitoka nje kwa sababu ningesema neno ambalo lisingefutika.

Jumapili yake, baada ya misa ya pili, nilifungua darasa langu kwenye banda lililo nyuma ya nyumba yangu. Wanafunzi waliokatwa majina wanakuja. Asiyeweza, nyumba yake inaleta mtu. Mama mjane huja ingawa hana tena mtoto wa Kidato cha Nne. Ananakili kwa ajili ya binti wa jirani aliyemzungushia mashine. Nikisafiri, nyumba yangu inaleta mtu: mdogo wangu alipanda kutoka ziwani mara mbili, hajui hesabu hata kidogo, akawaandikia ubaoni nilichomwachia kwenye karatasi, herufi kwa herufi.

Wiki iliyopita mkuu wa shule alinisimamisha uwanjani. Akasema amesikia nina darasa lisilotambulika, na kwamba mradi unauliza: lina wanafunzi wangapi, mahudhurio yake yanawekwa wapi, nani anayathibitisha?

"Daftari la mahudhurio sina," nikamwambia, "na sitaliweka. Anayetaka kujua tuko wangapi aje Jumapili ahesabu mwenyewe. Ila mwambie aje na kalamu, maana kwangu hakai mtu bila kunakili."